Amepokea Sale

Mtandio ulikuwa umegandia sikio tena. Maulida aliketi ukingoni mwa godoro akauvuta polepole, mkavu, kwa sababu daktari alikataza hata tone moja la maji lisiingie huko ndani. Kitambaa kiliachia kwa mkupuo. Palibaki doa la njano na harufu ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameshaizoea, ila aliona aibu kwa ajili ya watu wengine. Alilala na mtandio wa shule kichwani kwa makusudi. Usaha ukishukia kwenye godoro, mama yake huamka na kulia, na Maulida alikuwa amechoka kumwona mama yake akilia.

Mtandio wa pili ulikuwa kwenye kamba nje, na jana mvua ilinyesha Pasua mchana kutwa. Ataufunga hivyo hivyo mbichi.

Adija, mama yake, aliingia na bakuli la uji. Akapita mbele yake, akazunguka mpaka upande wa kulia, ndipo akasema.

"Umetoka tena?"

"Kidogo."

"Kidogo gani? Lete nione."

Akaona. Akakaza midomo, akamwekea pamba mpya kama alivyoelekezwa hospitali, akamfunga mtandio mbichi juu yake. Yeye alikuwa anashuka Mabogini, kwenye mashine ya kukoboa, kutafuta mchele wa kuja kupimia wateja barazani.

"Mama, leo nisiende."

"Nenda. Ukikosa siku moja watasema umeacha shule mwenyewe. Hilo ndilo wanalolisubiri."

Maulida alikunywa uji. Aliujua ukweli wa maneno hayo, na ndiyo maana yalimkera.

Jambo lililomharibu sikio lilitokea kwenye kipindi cha hesabu. Asubuhi ile mkuu wa shule, Mwalimu Aminieli, alikuwa amesoma matokeo ya mtihani wa majaribio mbele ya walimu wote, na jina la Mwalimu Mathew wa hesabu likawa la mkiani. Wanafunzi wa kidato cha nne walilijua hilo kabla hajafika mlangoni kwao. Shule haina siri. Aliingia, akaandika swali ubaoni, akalieleza, akauliza nani hajaelewa. Maulida akanyoosha mkono. Mwalimu akaeleza tena, safari hii kwa kasi. Maulida akanyoosha tena, kwa sababu kweli hakuwa ameelewa na kwa sababu mtihani wa taifa ulikuwa unakuja. Huko nyuma mtu akacheka. Alicheka tu, kama watoto wanavyocheka wakiwa wamechoka. Mwalimu akashuka jukwaani, akaja mpaka kwenye dawati, akampiga kofi la kiganja kizima juu ya sikio la kushoto.

Baada ya hapo ilikuwa mlio. Mlio ulipokwisha, upande ule hapakuwa na kitu.

Hospitali wakasema ngoma ya sikio imetoboka. Wakasema pia kwamba jeraha la kupigwa linataka fomu ya polisi. Adija akaenda polisi kutafuta matibabu, akajikuta amefungua kesi. Na kesi ilipofika shuleni, kofi lilikuwa limeshageuka ugonjwa wa tangu utotoni: mtoto alikuja nao kutoka kwao Pasua, huko kwenye maji machafu, na mwalimu alimgusa tu begani kumwamsha.

Maulida hakutaka Sir Mathew afungwe. Alimwona jinsi alivyokonda tangu siku ile. Alitaka jambo moja tu, na alilitaka mpaka usingizini: Sir asimame mahali pale pale, mbele ya watu wale wale, aseme, "Nilimpiga." Basi. Maana tangu kofi lile, yeye ndiye aliyekuwa anahojiwa. Alikuwa na umri wa miaka mingapi alipoanza kuumwa sikio? Je, kwao kuna kiziwi? Mwisho akaanza kujiuliza mwenyewe kama kweli alipigwa, na hilo lilimtisha kuliko usaha.

*

Shule yao iko mlimani, juu ya mji, kati ya mibuni mizee na migomba. Wakati wa mapumziko aliketi na Rachel nyuma ya darasa, upande wa kulia ukiwa kwa Rachel. Walikuwa dawati moja tangu kidato cha kwanza.

"Afande wa dawati la watoto, yule wa polisi, anakuja wiki hii," Maulida alisema. "Atauliza walioona."

Rachel alikuwa anamenya ndizi. Akaimenya yote, mpaka nyuzi.

"Mimi sikuona, Maulida."

"Tulikuwa tumekaa pamoja."

"Nilikuwa naandika."

"Hata damu hukuiona?"

"Damu niliona," Rachel alisema. "Kofi sikuona."

Kutoka jikoni mwa shule ulikuja moshi wa maharage.

"Usinitazame hivyo, bwana. Alama zangu za hesabu za mwaka mzima ziko kwa nani? Nikifeli mimi naenda wapi? Naenda Dar kuosha vyombo vya watu, kama dada yangu. We mwenyewe unajua."

"Kwa hiyo mmekubaliana? Darasa zima?"

"Hakuna aliyekubaliana na mtu." Rachel alimkatia nusu ya ndizi, akampa. "Kila mtu na lake tu."

Maulida aliila ile ndizi. Angeikataa, lakini asubuhi alikunywa uji mtupu, na hasira haijazi tumbo.

Mchana aliitwa na Madam Evelyn, mwalimu wa ushauri nasaha. Chumba cha ushauri ndicho stoo ya michezo. Walikaa kati ya nyavu na mipira iliyoisha pumzi. Ukutani palikuwa na bango jipya lililotoka kwenye semina ya walimu: KIJANA, KABILIANA NA MSONGO WA MAWAZO. Chini yake palichorwa msichana anayecheka, amefumba macho.

"Nimeambiwa hulali," Madam Evelyn alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti laini na alileta karanga kwenye mfuko wa karatasi, akamsogezea. "Tuanze na pumzi. Vuta kwa pua. Shikilia. Toa kwa mdomo."

Maulida alivuta, akashikilia, akatoa. Sikio likamchoma.

"Vizuri. Sasa, mambo tusiyoweza kuyabadilisha tunayafanyaje?"

"Tunayakubali."

"Na tunayoweza kuyabadilisha?"

"Tunayabadilisha."

"Safi kabisa. Sasa hili lako unaliweka wapi?"

"Hili linabadilika, Madam. Ni Sir kusema tu."

Madam Evelyn aliutazama mlango. Ulikuwa umefungwa, lakini aliutazama.

"Maulida, mimi na Mwalimu Mathew tunakaa ofisi moja. Tunakula sahani moja."

"Bango linasema niongee na mtu ninayemwamini."

"Ndiyo."

"Ndiye wewe, Madam."

Mwalimu akachukua karanga moja, akaimenya, asiile. "Mimi niko hapa wewe upate kutulia," alisema mwishowe. "Mambo ya kesi siyo yangu. Ukitulia wewe, na hayo mengine yatatulia. Vuta tena pumzi."

*

Njia ya kushukia barabarani inapita katikati ya vihamba, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za watu, pembeni ya mfereji wa maji. Siku hiyo Maulida alishuka peke yake. Rachel alisema anakwenda mazoezi ya kwaya.

Penye kona ya daraja la magogo alisimama mwanamke mzee, kitenge kimefungwa kifuani, rozari shingoni, na mkononi ameshika jani refu la kijani lililofungwa fundo. Nyuma yake, kwenye uzio wa kihamba, wanawake wawili walikuwa wanakata majani ya ng'ombe. Au walikuwa wanajifanya wanakata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye Maulida?"

"Ndiyo, bibi."

"Wa Pasua?"

"Ndiyo."

Mzee yule akapiga magoti. Alishuka goti moja, akashika udongo kwa kiganja, akashusha na la pili, pale pale njiani kwenye tope la mfereji. Mtu wa umri ule, mvi zimejaa, kumpigia magoti mtoto wa shule! Maulida alitazama huku na huku kama yeye ndiye aliyemsukuma.

"Bibi, jamani! Inuka, tafadhali."

"Mama yake Mathew ndiye mimi. Mimi ndiye niliyemzaa." Mzee akamnyooshea lile jani. "Shika, mwanangu. Shika, niinuke."

Nani angemwacha? Maulida alifundishwa nyumbani na madrasa kwamba kitu cha mkubwa hupokelewa kwa mikono miwili, na kwamba mzee hakai chini kijana amesimama. Akalipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, kisha akamshika bibi kwapani amnyanyue. Lakini bibi alikuwa ameshanyanyuka mwenyewe, wepesi kuliko alivyoshuka.

"Aika," mzee akasema kwa Kichagga, akafuta magoti. "Asante sana. Ruwa, Mungu wetu, akuongoze, mwanangu. Ukae na amani."

Akageukia uzioni. Wale wanawake walikuwa wameacha kukata.

"Amepokea," mmoja alisema.

"Tumeona," akaitikia wa pili.

Maulida alilitia jani kwenye mkoba wa daftari. Alidhani ni namna ya kusema pole. Aliwahi kuyaona majani kama yale kwenye mipaka ya vihamba vyote njia nzima, akayachukulia ni maua ya uzio. Na kwa kweli alifurahi kidogo. Tangu aumie, huyo ndiye mtu wa kwanza wa upande ule kumwita mwanangu.

*

Adija alikuwa anapepeta mchele alipoliona.

Aliweka ungo chini. Hakupiga kelele, alilitazama tu kama mtu aliyeona nyoka ndani na hataki kumshtua.

"Umelitoa wapi hili?"

Maulida akamweleza.

"Ukalipokea? Kwa mkono wako?"

"Alipiga magoti, mama. Bibi mzima, kwenye tope."

Adija akakaa juu ya gunia. Kisha akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyezidiwa ujanja. Yeye alizaliwa Machame, kwenye kihamba chenye uzio wa mimea hiyo hiyo. Alipoolewa na Swaleh, fundi magari mwenye asili ya Kondoa, alihamia Pasua, na Swaleh alipofariki akabaki huko huko. Alimlea mwanawe kama watoto wa mjini wanavyolelewa: chuo cha Kurani, shikamoo, mikono miwili. Mambo ya jani hilo hakumfundisha, maana aliona yatamfaa nini mtoto anayekua kati ya gereji na maduka ya rejareja? Heshima aliyomfundisha ndiyo iliyomtega.

"Hili ni sale," alisema. "Kwetu mtu akikukosea akakuletea sale, yamekwisha. Hata kama aliua. Unapokea, umesamehe, halitajwi tena. Ukilitaja, likikupata la kukupata usimlaumu mtu."

"Mimi sikujua!"

"Ndiyo maana hawakuniletea mimi. Mimi wangeniletea, ningelitazama lianguke chini."

"Sasa nimesamehe? Hata kama sijasamehe?"

Adija alilichukua jani kwa ncha za vidole, akaligeuza fundo. Usoni mwake kulikuwa na woga wa kweli, woga wa zamani aliofikiri ameuacha mlimani pamoja na jina lake la ubatizo. Lakini polepole ukaja na uso mwingine, ule aliokuwa nao akibishana bei kwenye mashine.

"Hapana," alisema. "Hapana, ngoja. Sale hapewi mtoto njiani. Wanakuja wazee, wanakaa, na mkosaji anataja kosa lake kwanza. Kosa linasemwa, ndipo jani linatolewa. Aliyeleta sale amekiri. Mama yake amepiga magoti kwa ajili gani, kama mwanawe hakufanya kitu?"

Maulida alimwelewa mara moja.

"Basi atasema!"

"Atasema. Kesho tunapanda wote."

Usiku ule alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ya kofi.

*

Ofisini kwa mkuu wa shule walikuta viti vimepangwa. Mwalimu Aminieli alikuwa nyuma ya meza. Afande wa dawati la watoto, mama mnene mpole, alikuwa anakunywa chai ya shule na andazi. Pembeni, kwenye benchi ya wanafunzi wanaosubiri adhabu, alikaa Mwalimu Mathew, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Karibu, Mama Maulida, karibu sana," mkuu alisema. "Kwanza niwapongeze."

"Kwa lipi, mwalimu?"

"Kwa moyo. Tumesikia binti amepokea sale. Kata nzima imesikia. Hayo ndiyo malezi."

"Na sisi polisi," afande akasema, akifuta makombo, "tukiona wahusika wameelewana tunashukuru. Mafaili ni mengi mno."

Adija akalitoa jani kwenye kanga, akaliweka juu ya meza, katikati ya karatasi.

"Nimelileta hilo hilo. Mwalimu, mimi ni mtu wa Machame. Najua, na wewe mzee wa huku unajua: anayeleta sale amekubali kosa. Basi mwalimu alitaje, hapa, afande asikie. Kisha akaliseme darasani. Mwanangu atibiwe, mimi niende zangu."

Mwalimu Aminieli alilitazama jani bila kuligusa.

"Mama, hii ni ofisi ya serikali. Serikali haina sale."

"Sawa. Basi kesi iendelee."

"Itaendeleaje, na mtoto ameshapokea?"

"Si umesema serikali haina sale?"

"Serikali haina. Jamii inayo. Na sisi tunaishi na jamii, mama. Nikimpeleka mwalimu mahakamani baada ya mama yake mzazi kupiga magoti hadharani, nani atanielewa hapa? Hata wewe mwenyewe, kaka zako Machame watakuelewa?"

Ndivyo lilivyokuwa jani lile. Likitumika kumfungua mwalimu mdomo, ni jani la uzio. Likitumika kumfunga Maulida mdomo, ni sheria.

Adija alimgeukia aliye kwenye benchi. Sauti yake ilishuka, ikawa ya mama.

"Mwanangu Mathew. Mama yako alipiga magoti kwa ajili gani?"

Mathew aliinua kichwa. Macho yalikuwa mekundu. Maulida alisogea mbele kwenye kiti, akageuza shingo apate kutega sikio la kulia.

"Mama," alisema, "mimi siku ile..."

"Mwalimu," akasema Aminieli. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Tulishazungumza. Una familia."

Kichwa kikashuka tena. Maulida alijikuta amesimama.

"Mimi sikusamehe! Mimi nilikuwa namwinua bibi tu!"

Afande akatua kikombe, akamtazama kwa huruma kabisa.

"Binti," alisema, "umeshakuwa mkubwa. Uwe unaangalia unachopokea."

Adija akaomba uhamisho, kama ni hivyo. Mkuu akafungua mikono. Kidato cha nne wameshasajiliwa mtihani. Maulida atafanyia hapa hapa au hatafanya kabisa. Na mwalimu wa hesabu wanaye mmoja tu. Kuhusu sikio, shule haina fungu la matibabu, lakini watamkumbuka kwenye sala ya asubuhi. "Yaliyopita si ndwele, mama," alisema, akiwasindikiza mlangoni. "Tugange yajayo."

Jani waliliacha mezani. Hata hivyo habari zake zilikuwa zimewatangulia. Jioni, kaka yake Adija alipiga simu kutoka Machame. Hakusalimu.

"Nasikia umelipeleka sale ofisini, ukalitupa mbele ya watu. Adija, unataka kutuulia watoto?"

"Kaka, mwanangu hasikii."

"Sikio ni moja. Sisi huku tuko wengi."

Adija alikata simu, akaendelea kuchambua mawe kwenye mchele. Maulida aliyaona machozi yakidondokea kwenye ungo. Akatamani amkasirikie mama yake, ingekuwa rahisi zaidi. Hakuweza. Siku iliyofuata, bila kuulizana, walijua kwamba wao hawataenda tena polisi.

*

Wageni walikuja mwishoni mwa muhula. Walitoka kwenye shirika linaloshughulika na afya ya akili ya vijana, na walileta fulana, soda, spika kubwa mbili na mpiga picha. Madam Evelyn alishona gauni jipya. Siku nzima wanafunzi walifundishwa njia za kukabiliana na matukio magumu ya maisha: kufiwa, kufeli, umaskini, ugomvi wa wazazi. Walijigawa makundi. Walichora. Walivuta pumzi wote kwa pamoja, shule nzima uwanjani, mpaka ng'ombe wa jirani wakageuka kutazama.

Maulida alivuta na kutoa. Tangu ofisini alikuwa amejifunza njia yake mwenyewe ya kukabiliana, ambayo haikuwa kwenye bango: alikuwa hanyooshi mkono. Kipindi cha hesabu alinakili kilichoandikwa ubaoni, ameelewa asielewe, na Sir Mathew alifundisha akiutazama ubao mwanzo hadi mwisho. Wote wawili waliishi vizuri hivyo. Wenzake walimsifu kwamba siku hizi ametulia.

Jua lilipoanza kuelekea magharibi, mkuu wa shule alishika kipaza sauti.

"Wageni wetu, haya mnayotufundisha, sisi hapa tunayaishi. Nina mfano hai. Maulida, mwanangu, njoo mbele, jukwaani. Mwalimu Mathew, na wewe njoo."

Maulida hakuwa ameambiwa mapema. Miguu ilimpeleka tu. Wasichana waliokuwa mbele walimpisha na mmoja akamsukuma kidogo mgongoni, kwa wema. Mkuu akawaeleza wageni kwamba palitokea tofauti ndogo kati ya mwalimu na mwanafunzi, kwamba mila nzuri za mlima huu zilitumika, na kwamba badala ya kukimbilia mahakamani watu walisameheana. Mgeni mmoja aliandika haraka haraka. Mwingine alisema hilo ni jambo la kuigwa nchi nzima.

"Picha!" akasema mpiga picha. "Mwalimu, sogea karibu naye. Karibu zaidi."

Upande wa kulia alisimama mkuu. Nafasi iliyobaki ilikuwa kushoto. Mathew akaja akasimama hapo.

Makofi yalianza. Na katikati ya makofi, Maulida akahisi pumzi ya joto juu ya mtandio, upande ule uliokufa. Kwa pembe ya jicho aliona midomo ya Sir Mathew inacheza. Haikuwa neno moja. Ilikuwa maneno mengi, taratibu, ya mtu aliyeyapanga kwa siku nyingi. Akasimama kidogo, akameza mate, akaendelea. Shavu lake lilikuwa limelowa. Maulida alijitahidi kusikia mpaka meno yakamuuma. Akaanza kugeuza kichwa kuleta sikio la kulia.

"Dada, usigeuke!" mpiga picha alipiga kelele. "Angalia huku. Hapo hapo. Tabasamu."

Mkono wa mkuu ukamtulia begani, mzito. Mwanga ukawaka, ukawaka tena. Alipoachiwa, akageuka, Mathew alikuwa ameshamaliza. Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akateremka ngazi za jukwaa bila kumwangalia mtu, akaelekea nyumba za walimu.

Mwalimu Aminieli alikuwa ameona. Macho yalimng'aa kwa furaha isiyo na hila yoyote.

"Jamani, mmeona?" aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Tumeonaaa!" shule ikaitikia.

"Mmeona nini?"

"Sir ameomba msamaha!"

Kidato cha nne ndio waliopaza sauti zaidi. Wote walikuwa wameona, wasichana kwa wavulana, waliokaa mbele na waliokaa nyuma. Rachel alikuwa amesimama juu ya benchi ili aone vizuri, na alikuwa anabubujikwa na machozi kwa furaha ya rafiki yake.

"Wageni wetu ni mashahidi," mkuu alisema. "Kwa mdomo wake mwenyewe! Maulida, umemsikia mwalimu wako?"

Akamwelekezea kipaza sauti mdomoni, kwa nusu ya pumzi, kisha akakirudisha kwake na kuinua mkono kuwaomba watu makofi.

"Sikusikia," Maulida alisema.

Alilisema kwa sauti yake ya kawaida, na makofi yalikuwa yameshaanza.